Je, Nichelle Nichols alikuwa mpokea simu tu?

Kila jina la Nichelle Nichols, mwigizaji wa Marekani aliyecheza Luteni Uhura katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek, linapotajwa, ubishi uleule huzuka. Wapo wanaomwita shujaa: mwanamke Mweusi aliyeketi katika chumba cha usukani cha chombo cha anga mwaka 1966, akiwa na cheo cha luteni, wakati ambapo televisheni ya Marekani ilizoea kuwaonyesha wanawake wa rangi yake wakipika na kufagia nyumba za watu. Na wapo wanaouliza: cheo gani hicho? Alikuwa akipokea simu. Kwa misimu mitatu na vipindi 79 vya Star Trek, wanasema, kazi ya Luteni Uhura ilikuwa kushika kile kidude cha fedha sikioni, kugeuza kiti, na kumwambia Kapteni Kirk kwamba mawasiliano yako wazi. Uamuzi ulikuwa wa wanaume.

Hoja ya pili naiheshimu, kwa sababu aliyeisema mapema, na kwa uchungu kuliko wote, ni Nichols mwenyewe. Lakini wengi wanaoirudia leo wameichukua nusu. Wamechukua malalamiko yake ya mwaka 1967 wakaacha alichokifanya mwaka 1977, na bila hicho cha pili hesabu ya maisha yake haikamiliki.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu, maana jina lile la Uhura lilichotwa kwetu. Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya ya siku za mwisho za ukoloni. Gene Roddenberry, mwasisi wa kipindi, akalipenda neno lile, likabadilishwa irabu ya mwisho ili lisikike kama jina la mwanamke. Kenya yenyewe wakati huo ilikuwa haijatimiza miaka mitatu tangu bendera ya Mwingereza iteremshwe. Jina la kwanza, Nyota, ambalo wengi hudhani lilikuwapo tangu mwanzo, lilibuniwa baadaye na mwandishi William Rotsler mnamo 1982, na kwenye skrini halikutambulishwa rasmi hadi filamu ya mwaka 2009.

Halafu kuna ule usiku wa kwanza kabisa. Septemba 8, 1966, kituo cha televisheni cha NBC kilipofungua kipindi, hadithi iliyorushwa ilikuwa ya kiumbe kinachojigeuza sura ili kiwanase watu. Kila mtu kinamtokea kwa umbo la yule anayemkumbuka au kumtamani. Kwa Uhura kilikuja kama kijana Mweusi, wakakutana njiani ndani ya chombo, kikamsemesha Kiswahili. Kiswahili chenyewe kimetamkwa kigeni mno. Mtu wa Mombasa au wa Dodoma itabidi arudishe nyuma mara mbili tatu ndipo akishike. Hata hivyo, tazama maana ya tukio lile. Waandishi walipojiuliza mwanamke huyu anakumbuka nini, walijibu kwamba anamkumbuka mtu wa kwao anayesema lugha ya kwao. Mwaka uliofuata, katika kipindi kingine, mashine moja inamfuta kumbukumbu zote, inabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na anapokwama kwenye neno la Kiingereza, Kiswahili kinamtoka. Mtu wa pembeni asiye na kwao hapewi mambo hayo. Najua ni dakika chache tu. Nazitaja kwa sababu katika ubishi huu zinasahauliwa, na wa kuzisahau tusingekuwa sisi.

Sasa upande wa pili, na niuseme kwa haki yake.

Alizaliwa Grace Dell Nichols, Desemba 28, 1932, huko Robbins, kijiji cha Weusi karibu na Chicago, ambako baba yake aliwahi kuwa meya. Alikuwa mwimbaji na mchezaji dansi kabla ya kuwa mwigizaji. Alizunguka na bendi ya Duke Ellington, kisha na ya Lionel Hampton. Mwaka 1964 aliigiza katika kipindi kimoja cha tamthilia nyingine ya Roddenberry, The Lieutenant, kilichozungumzia ubaguzi wa rangi jeshini, na NBC ikakataa kukirusha. Kwa hiyo alipoingia Star Trek hakuwa mgeni wa namna televisheni inavyofanya kazi. Alikuwa amekwisha kuona kazi yake ikifungiwa kabatini kwa sababu ya ilichokisema.

Ndani ya Star Trek mambo yalimwendea hivi, kwa maelezo yake katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1994. Skripti ya mwanzo ya wiki ilikuwa na maneno yake ya kutosha. Kadiri marekebisho yalivyokuja, kila toleo kwa kurasa za rangi yake, maneno yalikatwa, yakakatwa tena, hadi yakabaki yale ya kufungua mawasiliano. Hakuwa na mkataba wa kudumu kama baadhi ya wenzake. Alilipwa kwa siku. Barua za mashabiki zilikuwa zikija kwa wingi na hakuwa akipewa, mpaka mtu wa chumba cha barua alipomdokeza. Mtu akisoma hayo kisha akasema mwanamke huyu alitumiwa kama pambo la kuonyesha kwamba kampuni ni ya kisasa, hana kosa. Ushahidi anao.

Ndiyo maana mwisho wa msimu wa kwanza, mwaka 1967, alimwambia Roddenberry kwamba anaondoka, anarudi jukwaani, alitamani Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Roddenberry akamwomba afikiri siku za mapumziko ya wiki. Wikiendi hiyohiyo, katika hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, aliambiwa kuna shabiki anataka kumwona. Shabiki alikuwa Martin Luther King. Alipomweleza kwamba anaacha, King alimkataza. Alimwambia kwamba kwa mara ya kwanza dunia inawaona Weusi jinsi wanavyostahili kuonwa, na kwamba kipindi kile ndicho ambacho yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukesha nacho. Jumatatu akarudi kwa Roddenberry akabaki.

Simulizi hii tunayo kwa mdomo wake, na ameisimulia mara nyingi sana. Alipofariki Julai 30, 2022, huko Silver City, New Mexico, akiwa na miaka 89, sijaona taazia iliyoiacha. Na hapo ndipo ninapotofautiana hata na wanaomsifu. Simulizi imegeuzwa kuwa hadithi ya binti aliyetaka kukosea na mzee mwenye hekima akamrudisha njiani. Lakini soma tena. King hakumwambia kwamba nafasi ile ni kubwa. Hakumwambia kwamba maneno yake hayakatwi. Alizungumzia kile ambacho mtazamaji anakiona. Nichols alizungumzia kile ambacho mfanyakazi anakitenda siku nzima. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa alichokuwa akikitazama, na gharama ya kubaki ililipwa na mmoja tu.

Gharama yenyewe haikuwa ndogo. Baada ya kipindi kufutwa mwaka 1969 jina la Uhura lilimganda. Akaigiza hapa na pale, akarudi katika filamu sita za Star Trek kuanzia 1979 hadi 1991, na humo pia hakupewa nafuu. Katika ile ya tano, ya mwaka 1989, alipewa onyesho la kuimba na kucheza kwa pepeo za mkononi jangwani, na filamu ilipotoka sauti iliyosikika haikuwa yake. Walikuwa wameweka ya watu wengine juu. Mtu aliyeimba na bendi ya Ellington! Katika ile ya sita kuna tukio ambalo mimi kila nikiliona linanikera: chombo kinasimamishwa na Waklingoni, maadui wa siku zote katika Star Trek, na afisa wa mawasiliano mwenye uzoefu wa miongo anapekua rundo la makamusi ya karatasi, wenzake wamemzunguka, ili aunge sentensi ya lugha ya adui. Tukio lilikusudiwa kuchekesha. Nichols alipinga, akaeleza kwamba mtu wa kazi yake lazima angeijua lugha ile, akashindwa. Katika filamu hiyohiyo alikataa kutamka mstari wa mzaha kuhusu wageni wa chakula cha jioni, kwa kuwa uliunganisha Waklingoni na dhihaka dhidi ya watu wa rangi yake. Huo alishinda, wakampa mwenzake.

Kwa hiyo, ndiyo: nafasi ilikuwa nyembamba, na ilizidi kufanywa nyembamba na watu waliokuwa na uwezo wa kuipanua. Ninayakubali yote hayo. Lakini neno “mpokea simu” halikubaliki kama linavyotumiwa.

Shangazi yangu mmoja alikuwa opereta wa simu enzi za nyaya na matundu. Alikaa mbele ya ubao uliojaa vitundu, spika masikioni, mikono miwili ikivuka kama ya mshonaji, huyu anamtoa hapa anamchomeka pale. Asipofika kazini, mkubwa wa wilaya alikuwa bubu. Watu waliompita wakaona mwanamke anayejibu “haloo” hawakuwa wameona kazi. Na Star Trek, kwa mapungufu yake, iliiona kazi ya Uhura zaidi ya inavyosemwa. Kuna kipindi cha mwaka 1967 ambamo chombo kimeshikwa na nguvu ya ajabu na mawasiliano yamekufa. Uhura yuko chini ya meza yake ya kazi, anaunga nyaya upya kwa chombo kidogo cha mkononi, kazi ya hatari kwa mtambo mzima. Spock, afisa wa sayansi wa chombo, anamjia, naye si mtu wa kusifu, na anamwambia kwamba hamfahamu mwingine anayeiweza kazi ile kuliko yeye. Mwaka huohuo, katika hadithi ya ulimwengu uliopinduka, anamshikia kisu Sulu, afisa mwingine wa chombo, bila kutetereka. Na mwaka 1973, katika toleo la katuni, wanaume wote wamedhoofika na Uhura anashika amri ya chombo kwa sauti moja. Ilichukua miaka saba na ilibidi wachorwe, lakini alishika.

Kuhusu lile busu na Kapteni Kirk, lililorushwa Novemba 22, 1968, nitasema machache. Linatajwa kama kilele cha maisha yake, na sijawahi kuelewa kwa nini. Ndani ya hadithi wawili hao wanalazimishwa na watesi wenye nguvu za akili. Hakuna mapenzi pale, kuna mateka. Wala halikuwa la kwanza duniani kati ya Mweusi na Mweupe kwenye televisheni, Waingereza walitangulia. Ujasiri ulikuwa kwa waigizaji: studio ilipotaka pia toleo lisilo na busu ili likae akiba, William Shatner, aliyeigiza Kirk, aliliharibu makusudi kwa kufanya makengeza mbele ya kamera, likabaki lile lenye busu. Ilikuwa miezi 17 tu tangu Mahakama Kuu ya Marekani ifute sheria za majimbo zilizokataza ndoa za rangi mbili. Ni jambo la kukumbukwa, lakini aliyeliruhusu litokee alikuwa mwandishi na prodyuza. Mimi natafuta alichokifanya Nichols kwa akili yake mwenyewe.

Nacho ni hiki. Katikati ya miaka ya 1970, Star Trek ilipokuwa inarudiwa kwenye vituo vya miji na kupata watazamaji wengi kuliko ilipokuwa hai, Nichols alianza kufuatilia mambo ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Alimsikia mwanasayansi wa shirika hilo akizungumza kwenye mkutano wa mashabiki huko Chicago mwaka 1975, akatazama wale wanaanga, akakuta wote ni wanaume Weupe. Tangu wale saba wa kwanza wa 1959, makundi saba, hakuna mwanamke hata mmoja, hakuna Mweusi hata mmoja. Mwanzoni mwa 1977 alisimama Washington mbele ya wakubwa wa mambo ya anga akawaambia hivyo waziwazi. Walipomjibu kwamba basi watafute pamoja, alikubali kwa sharti: kampuni yake ndogo, Women in Motion, ingewatafuta watu wenye sifa, na wakifika halafu wote wasichaguliwe, yeye mwenyewe angesimama hadharani kuwasema.

Akaanza kuzunguka. Vyuo vikuu, vyama vya wahandisi Weusi, vyama vya wanawake wanasayansi, redio, televisheni za asubuhi. Ipo filamu fupi ya tangazo ya siku zile: Nichols amevaa suti ya NASA, anatembezwa katika kituo cha Houston na Alan Bean, mtu aliyekwisha kukanyaga mwezi, na anageukia kamera kusema kwamba safari hii ni ya binadamu wote, wanawake kwa wanaume, wa rangi zote.

Hapa kuna tarakimu ambazo nimezirudia mara nyingi kuliko zote, na naomba msomaji anivumilie nizichambue. Kwa hesabu aliyoiandika Nichols, alipoanza mnamo Februari 1977 NASA ilikuwa imepokea maombi kama 1,500, ya wanawake yakiwa hayafiki 100. Kufikia mwisho wa Juni yalikuwa yamefika 8,400, ya wanawake 1,649, na kama 1,000 ya watu wa jamii zilizoachwa nje. Miezi minne.

Mtu mwenye shaka atauliza, na ana haki: zilikuwa ni juhudi zake, au ni siku ya mwisho ya kupeleka maombi? Dirisha lilifunguliwa Julai 1976 na lilifungwa Juni 30, 1977, na kila aliyewahi kupokea fomu za maombi ya kazi anajua watu hujaa wiki za mwisho. Zaidi ya hapo, NASA ilikuwa imebadilika yenyewe. Chombo kipya cha shuttle kilihitaji wataalamu wa sayansi wasio marubani wa ndege za kivita, na kazi ya urubani wa aina hiyo ndiyo iliyokuwa imewafungia wanawake mlango. Sheria ya 1972 ya usawa katika ajira ilikuwa imezifikia taasisi za serikali kuu. Shirika lenyewe lilikuwa likituma barua vyuoni. Sally Ride, ambaye baadaye angekuwa Mmarekani wa kwanza wa kike kufika anga za juu, aliliona tangazo katika gazeti la wanafunzi pale Stanford. Mtu akimhesabu Ride kama tunda la Nichols, anakosea.

Haya yote ni kweli, na yanapunguza ukubwa wa ile 8,400. Lakini tazama uwiano. Wiki za mwisho huongeza maombi ya watu wote, wanaume na wanawake. Haziwachagui wanawake peke yao. Mwanzoni wanawake walikuwa chini ya 7 katika kila 100. Mwishoni walikuwa karibu 20 katika kila 100. Na mabadiliko ya sifa za kazi hayakuja Februari. Yalikuwapo tangu dirisha lilipofunguliwa, miezi saba kabla yake, na katika miezi hiyo saba wanawake walikuwa hawajaamini. Mlango ulikuwa wazi na watu hawaingii. Taasisi iliyokunyima kwa miaka 18 ikikuandikia tangazo kwamba sasa karibu, utadhani ni la kujaza faili. Alihitajika mtu wa kulisema ambaye uso wake wanauamini, na uso huo ungetoka wapi kama si katika kile kiti alichotaka kukiacha?

Sitaki kusema alifanya peke yake. Ninasema kwamba ukiitoa kazi yake, hiyo 7 kuwa 20 inakosa maelezo ya kutosha, na sijaona aliyeyatoa.

Frederick Gregory ni mfano ninaoushikilia. Alikuwa rubani wa majaribio wa Jeshi la Anga, mtu mwenye kila sifa, mpwa wa Charles Drew, yule daktari maarufu wa benki za damu. Huyo hakuhitaji kuambiwa NASA ni nini. Lakini amesimulia kwamba aliliona tangazo lile la televisheni, Nichols akielekeza maneno kwenye kamera, naye akahisi anaambiwa yeye. Akajaza fomu. Januari 16, 1978, NASA ilitangaza watu 35. Humo walikuwamo wanawake 6, wa kwanza kabisa katika historia ya shirika; Weusi 3, Guion Bluford, Ronald McNair na Gregory; na Ellison Onizuka, Mmarekani wa asili ya Japani.

Wanne wa kundi lile walikufa Januari 28, 1986, Challenger ilipolipuka sekunde 73 baada ya kuruka: Dick Scobee, Judith Resnik, McNair na Onizuka. Anayewaita watu waje hubeba pia mzigo wa namna hiyo, na Nichols aliendelea kuitumikia NASA baada ya hapo.

Wapo pia waliovutwa na picha tu, bila tangazo lolote. Mwigizaji Whoopi Goldberg amesimulia alivyokuwa mtoto akaipigia nyumba nzima kelele kwamba kwenye televisheni kuna mwanamke Mweusi na siyo mtumishi. Alipokua akaomba mwenyewe nafasi katika Star Trek iliyofuata. Mae Jemison alikuwa msichana mdogo wa Chicago akimtazama Uhura. Septemba 1992 alipokuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kufika anga za juu, alianza zamu zake ndani ya Endeavour kwa maneno yaleyale ya kutangaza kwamba mawasiliano yako wazi. Jemison amesema pia kwamba hamu ya anga alikuwa nayo mwenyewe. Ni sawa. Msichana mwenye hamu yake akimwona mtu aliyekwisha kukaa pale anapotaka kukaa yeye, haibiwi chochote.

Linabaki swali moja ambalo wanaomtetea Nichols hawapendi kuulizwa. Kama angeondoka mwaka 1967 kama alivyotaka, baada ya vipindi 29 vya msimu wa kwanza, je, isingetosha? Labda angekuwa nyota wa Broadway, tukapata mwimbaji mkubwa ambaye sasa hatumjui, na labda NASA ingempata mwingine wa kuwaita watu. Sina jibu la hakika kwa swali la namna hii. Ninachoweza kusema ni kwamba kilichompa nguvu mwaka 1977 ni marudio ya kila jioni, mji baada ya mji, mtoto akitoka shule anamkuta pale, mwaka unaofuata anamkuta tena. Nguvu hiyo haiji kwa msimu mmoja. Ilitokana na kukaa, na kukaa kulimuumiza, na hayo mawili sioni namna ya kuyatenganisha ili mtu achukue moja aache jingine. Kwangu mimi deni liko upande wa waliomkatia maneno.

Mwaka 1989 yalitokea mambo mawili. Juni, filamu ile ya tano ilitoka, Uhura akicheza jangwani kwa sauti isiyo yake. Kisha jioni ya Novemba 22, miaka 21 kamili tangu lile busu lirushwe, chombo cha Discovery kiliruka kutoka Florida. Mwenye amri alikuwa Frederick Gregory, Mweusi wa kwanza kuongoza safari ya anga za juu.